Pugu Si Pa Kupita Tu

Abiria wa bara wa siku zilizopita, aliyepanda garimoshi katika Stesheni ya Dar es Salaam, hakujiona kuwa ameuacha mji mpaka apite Pugu. Hapo ndipo uwanda wa pwani unapokoma na vilima kuanza. Hapo kichwa cha treni cha moshi kilipunguza mwendo kikahema kama mpagazi mwenye mzigo kichwani, na yule aliyesindikizwa na ndugu zake akajua kwamba sasa kurudi hakuna. Pugu palikuwa mlango: ukipita kwenda juu umeondoka, ukipita kuja chini umefika.

Mlango huo leo umo ndani ya nyumba. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu 272,821 katika mji wa Dar es Salaam; sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wake. Umati huo haukuweza kukaa wote Kariakoo na Ilala. Wamekwenda Vingunguti, wamekwenda Ukonga, wamekwenda Gongo la Mboto, na wale ambao hawakupata kiwanja huko wamepanda vilima hata Pugu na Chanika. Kila alfajiri hushuka kwa maelfu kuja mjini kutafuta riziki, na kila magharibi hupanda tena kurejea kwa watoto wao. Aliyewahi kusimama Gongo la Mboto saa kumi na mbili asubuhi akiwatazama wanaogombea mlango wa daladala hahitaji kuelezwa zaidi.

Tunaandika juu ya stesheni ya Pugu kwa kuwa kitongoji hicho kimepata bahati ambayo vitongoji vingi vya jiji letu havikuipata. Kinapitiwa na reli mbili: ile ya kale, ambayo upana wake ni milimita 1,000, na ile ya kisasa inayokwenda kwa umeme, ambayo upana wake ni milimita 1,435. Hata reli ya tatu, ile ya TAZARA yenye upana wa milimita 1,067, haiko mbali nacho. Lakini bahati ya kupitiwa si sawa na bahati ya kuhudumiwa. Maoni yetu ni kwamba tangu reli ya kwanza ilipofika, Pugu imehesabiwa kuwa mahali pa kupita, na mtu anayekaa pale hajahesabiwa ipasavyo kuwa abiria. Yafaa sasa ahesabiwe.

Hebu tuangalie ilivyoanza. Kazi ya kuijenga Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa utawala wa Wajerumani. Mwaka 1907 reli ilifika Morogoro, mwaka 1912 ikafika Tabora, na Februari 1914 ikaligusa Ziwa Tanganyika pale Kigoma. Waliochimba, waliobeba mataruma na waliozilaza reli hizo walikuwa Waafrika kwa maelfu. Jina la mkandarasi limeandikwa vitabuni, ya kwao hayakuandikwa. Pugu ilikuwa inajulikana kwa wageni hao hata kabla ya reli, maana wamisionari Wabenediktini wa Kijerumani walijenga kituo chao huko mwaka 1888, na Januari 1889 kikashambuliwa na kuteketezwa katika vita vya Abushiri.

Reli ile haikujengwa kwa ajili ya mtu wa kitongojini, wala hatuna haja ya kujidanganya juu ya jambo hilo. Ilijengwa ili mkonge, pamba, karanga na ngozi za bara ziteremke bandarini, na ili bidhaa za ng'ambo na askari wa Serikali wapandishwe bara. Stesheni ndogo zilizo karibu na Dar es Salaam zilikuwa na kazi yake katika mpango huo. Reli ya njia moja haiwezi kuendeshwa pasipo mahali pa treni kupishana. Inayokuja husubiri pembeni mpaka inayokwenda ipite. Kwa hiyo mwenye reli alihitaji kuwa na stesheni, mkuu wa stesheni, taa na bendera. Mwanakijiji aliyetokea na kikapu chake akapanda, alipanda kwa kuwa treni imesimama tu. Haikusimama kwa ajili yake.

Mpango huo ulidumu muda mrefu kuliko watawala walioufanya. Waingereza waliichukua Dar es Salaam mwaka 1916 na reli ikawa mikononi mwao. Mwaka 1948 likaundwa shirika moja la reli na bandari kwa Afrika ya Mashariki yote. Mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika, Tanzania ikaunda shirika lake yenyewe. Mwaka 2007 uendeshaji ukakabidhiwa kampuni yenye ubia na kampuni ya India, ubia ambao haukudumu. Na mwaka 2017 likaundwa tena Shirika la Reli Tanzania. Katika mabadiliko hayo yote majina yalibadilika ubavuni mwa mabehewa, lakini ratiba iliendelea kuandikwa kwa ajili ya msafiri wa Tabora, wa Mwanza na wa Kigoma.

Na umbali kati ya Pugu na mjini si jambo dogo katika habari za nchi yetu. Mwalimu Julius Nyerere aliporudi kutoka Edinburgh alifundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko huko Pugu. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 akiwa bado mwalimu wa shule hiyo, na ilipofika Machi 1955 aliiacha kazi ya kufundisha. Zipo sababu kubwa za uamuzi huo ambazo kila mtu anazijua. Lakini mtu mwenye vipindi darasani Pugu na mikutano Kariakoo ana jambo jingine pia la kufikiri kila siku, nalo ni safari yenyewe. Watu wa Pugu wa leo wanalifahamu jambo hilo kwa miguu yao. Barabara iliyoitwa Pugu zamani sasa inaitwa Barabara ya Nyerere. Jina limekuwa la heshima, msongamano umebaki.

Serikali ilianza kumtazama abiria wa kila siku tarehe 29 Oktoba 2012. Siku hiyo treni za mjini zilianza kwenda Dar es Salaam, moja kwa reli ya kati na nyingine kwa reli ya TAZARA. Ya kwanza ilitoka Stesheni ikapita Kamata, Buguruni, Tabata na Mabibo mpaka Ubungo Maziwa. Ya pili ilitoka stesheni ya TAZARA ikapita Kigilagila na Kipunguni kwenda Mwakanga. Wananchi hawakungoja tangazo ili wazipe jina. Waliziita treni za Mwakyembe, kwa jina la Dk. Harrison Mwakyembe aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, na jina likakaa. Mabehewa hayakuwa mapya. Yalikuwa ya zamani yaliyofufuliwa karakana. Wapo waliocheka. Lakini waliocheka wengi wao walikuwa na magari yao. Aliyekuwa akisimama kwa mguu mmoja ndani ya daladala kutoka Ubungo hakucheka, alikata tikiti.

Jambo moja katika treni zile lilitufurahisha kuliko yote, nalo ni mwanafunzi. Kila mkazi wa Dar es Salaam amewaona watoto waliovaa sare wakiachwa kituoni kwa kuwa nauli yao ni ndogo na kondakta hataki kuipoteza nafasi ya mtu mzima. Mtoto husimama saa nzima, hufika shuleni amechelewa, na huko huadhibiwa kwa kosa ambalo si lake. Behewa la treni halina kondakta wa namna hiyo mlangoni. Mlango ukiwa wazi, mwanafunzi huingia kama watu wengine. Tungependa wale wanaofanya hesabu za faida na hasara za treni za mjini waandike na jambo hili mahali fulani katika daftari zao, japo hatujui wataliandika kwa tarakimu gani.

Pugu haikuwemo katika mpango wa mwaka 2012. Ilingoja hadi mwaka 2016, ndipo treni ya mjini ilipopandishwa huko kwa njia ya Gongo la Mboto. Watu waliuliza kwa nini Ubungo itangulie na Pugu ingoje, ilhali reli inapita Pugu tangu wakati wa Mjerumani. Jibu halikuwa upendeleo. Treni ya Ubungo ilitumia njia ya pembeni, ambayo haina msafara mwingine mkubwa. Pugu iko juu ya njia kuu yenyewe, na njia kuu ni moja. Treni ya abiria wa mjini iliyochelewa dakika kumi huizuia treni ya mizigo. Treni ya mizigo iliyoharibika mlimani huwazuia watu elfu moja kufika kazini. Hapo ndipo penye ugumu wa reli ya njia moja: mtu wa kitongojini hugawana chuma kile kile na shehena inayokwenda nchi za jirani, na panapokuwa na mgongano kati ya kontena na mtu, mwenye kontena hulipa zaidi.

Kwa sababu hiyo, habari ya reli ya kisasa ilipotokea, sisi tuliona matumaini mawili. La kwanza ni lile lililosemwa na kila mtu: Morogoro na Dodoma zitakuwa karibu. La pili halikusemwa sana: kwamba Pugu itapata njia ya pili, na ugomvi ule wa kontena na mtu utapungua. Tena jiwe la msingi la reli hiyo liliwekwa Pugu kwenyewe na Rais John Magufuli, tarehe 12 Aprili 2017. Wakazi walisimama juani wakashuhudia. Miaka saba baadaye, tarehe 14 Juni 2024, treni ya umeme ilianza kubeba abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro. Tarehe 25 Julai ikaendelea mpaka Dodoma. Na tarehe 1 Agosti Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi. Ni kazi ya kujivunia, na asiyeijua fahari yake na amwulize mtu aliyekuwa akilala njiani kwenda Dodoma kwa basi.

Stesheni ya kwanza baada ya Dar es Salaam katika reli hiyo ni Pugu. Nauli zilizotangazwa na mamlaka ya usafiri wa nchi kavu kabla ya safari kuanza zilikuwa hivi: Pugu, kilomita 19, shilingi 1,000, Morogoro, kilomita 192, shilingi 13,000, Dodoma, kilomita 444, shilingi 31,000. Msomaji akichukua kalamu akagawanya ataona jambo la kupendeza. Abiria wa Dodoma alitozwa karibu shilingi 70 kwa kila kilomita, wa Morogoro karibu shilingi 68, na wa Pugu chini ya shilingi 53. Maana yake ni kwamba aliyekaa kupanga nauli alimfikiria mtu wa Pugu na akamhurumia. Tunampongeza, hatumjui jina.

Aliyepanga saa hakufanya hivyo. Ratiba ya reli ya kisasa iliundwa kwa ajili ya msafiri wa mbali, na treni ya haraka hupita Pugu kama inavyopita mti. Hatulaumu, maana mtu anayekwenda Dodoma kwa haraka hataki kusimama baada ya dakika chache tu za safari. Lakini hata treni inayosimama Pugu imefungwa katika desturi za safari ndefu. Msafiri wa Dodoma hukata tikiti mapema, huandikisha jina lake, huja na kitambulisho, hufika kabla ya wakati, mizigo yake hukaguliwa. Yote hayo ni mema kwa safari ya kilomita 444. Kwa fundi cherehani anayetoka Pugu kwenda Kariakoo kila siku ya kazi, taratibu hizo ni ndefu kuliko safari yenyewe. Treni ikienda kilomita 60 tu kwa saa, ambao si mwendo mkubwa kwa chombo kilichofanywa kwenda 160, yatosha dakika 19 kumfikisha. Hatawezi kuzitumia dakika 19 kama mlango wa dakika hizo unadai saa nzima.

Basi twaomba nini? Kwanza, treni za asubuhi na za jioni kwa ajili ya Pugu yenyewe, zinazoanzia Pugu na kuishia Pugu, zikiwa zimewekewa saa kwa kufuata kazi za mjini: ile ya kumfikisha mwenye kibarua kabla ya saa moja na nusu, ile ya mwenye duka, ile ya mwanafunzi, na jioni vivyo hivyo. Si lazima ziwe nyingi. Treni nne zinazokuja kwa saa yake kila siku ni bora kuliko kumi ambazo hakuna ajuaye zitakuja lini, maana mtu hupanga maisha yake kwa kitu anachokiamini. Vyombo vya kazi hiyo vipo vya aina inayofaa. Zile treni zilizotengenezwa Korea ya Kusini, ambazo wananchi wameziita Mchongoko kwa umbo la pua zao, hazivutwi na kichwa kimoja. Mota zake zimegawanywa chini ya mabehewa, na kwa ajili hiyo huondoka na kusimama kwa wepesi. Twaambiwa kwamba treni ya umeme haifai kusimama-simama. Miji mikubwa ya dunia husafirisha watu wake kwa treni za umeme zinazosimama kila baada ya kilomita moja au mbili, kwa hiyo neno hilo halina uzito.

Pili, tikiti ya mwezi. Mtu anayelipa shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, siku 26 za kazi, hulipa shilingi 52,000. Apewe nafasi ya kulipa mara moja, kwa bei iliyopunguzwa, naye apite mlangoni bila kuandikishwa jina kila asubuhi kama mgeni anayeingia nchini. Shirika litapata fedha zake mapema, na foleni itakwisha. Mwanafunzi naye awe na yake.

Tatu, reli ya kale isitupwe. Ipo hofu kwamba baada ya chuma kipya kung'aa, cha zamani kitaachwa kiote nyasi, na hofu hiyo haikutoka hewani, maana tumeona vitu vingi vikiachwa kuota nyasi. Reli ya kale hupita karibu na nyumba za watu na karibu na masoko yao. Yupo mama mmoja muuza mihogo tuliyeongea naye, ambaye mzigo wake hutoka upande wa Kisarawe. Tulimwuliza kama angependa kupanda treni ya umeme. Alitutazama kwa upole, akasema, "Mwanangu, ile ni ya watu wenye mabegi. Mimi nina gunia." Alisema kweli. Gunia la mihogo halina mahali pake katika behewa lenye viti vya kitambaa, wala hatudai liwekwe. Lakini linayo nafasi katika treni ya reli ya kale inayoshuka kwa njia ya Vingunguti na Buguruni, iwapo itafungiwa behewa moja la mizigo midogo lisilo na viti, lenye mlango mpana. Sasa mama huyo hulipa nauli yake, hulipa nauli ya gunia, na humlipa kijana wa kulipandisha juu ya gari. Na mlaji wa Buguruni hulipa yote hayo ndani ya fungu la mihogo.

Tunajua hoja zitakazoletwa kinyume chetu, nazo hatuzidharau. Husemwa kwamba treni za mjini hazijilipi. Ni kweli kwamba nauli ya shilingi 1,000 haiwezi peke yake kulipa umeme, mishahara na matengenezo. Lakini barabara nayo haijilipi. Hakuna anayesimama Ukonga akikusanya kutoka kwa kila gari dogo gharama ya lami linayoikanyaga. Tumezoea kuiita lami maendeleo na kuiita reli hasara, kwa sababu gharama za reli zimeandikwa katika daftari moja na gharama za barabara zimetawanyika katika madaftari mengi, mengine yakiwa ya hospitali.

Husemwa pia kwamba njia ya mabasi yaendayo haraka imejengwa kufuata Barabara ya Nyerere kwenda Gongo la Mboto, hivyo treni si ya lazima. Twalifurahia basi hilo. Ila Gongo la Mboto siyo Pugu, na Pugu siyo mwisho wa watu, kwani mji unazidi kwenda Chanika na kuelekea Kisarawe. Tena si vyema kuuliza basi au treni. Treni yenye mabehewa kumi, kila moja likichukua watu 100, huwaondoa watu 1,000 kwa mara moja. Ungehitaji daladala zaidi ya 30 zenye viti 30 kila moja kuwaondoa hao, na daladala 30 zikifuatana ndizo huo msongamano wenyewe tunaoulalamikia. Tunalotaka ni kwamba mtu akishuka treni aweze kupanda basi bila kutembea nusu saa, na akishuka basi aione stesheni.

Majirani zetu wa Nairobi wametutangulia katika jambo hili kwa hatua moja, na tumebaki nyuma kwa bahati tu. Stesheni yao ya Syokimau, iliyo nje kidogo ya jiji, ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, wiki mbili tu baada ya treni zetu za Mwakyembe kuanza. Waliijenga wakijua kwamba ni ya mtu anayelala huko na kufanya kazi mjini: wakaweka mahali pa kuacha magari, na treni zikaenda asubuhi na kurudi jioni. Reli yao mpya ilipokuja mwaka 2017 iliishia huko huko Syokimau bila kuingia katikati ya jiji, na treni ya reli ya kale ikapewa kazi ya kuwapokea wasafiri na kuwafikisha mjini. Hapo ndipo tulipo na heri kuwazidi. Reli yetu mpya imeingia hata katikati ya Dar es Salaam, karibu na Kariakoo na karibu na bandari. Wao wana stesheni ya kitongojini iliyo nzuri na reli mpya isiyofika mjini. Sisi tunayo reli mpya inayofika mjini na kitongoji ambacho bado hakijapewa saa zake.

Liko jambo la ukuta. Reli ya umeme imezungushiwa uzio, na hivyo ndivyo inavyopasa, maana waya wake una nguvu ya kuua na treni yake haisikiki mpaka imefika. Lakini uzio huo umekata njia za miguu ambazo watu walizoea tangu ujana wao. Mzee aliyekuwa akivuka reli kwenda kwa mwanawe kwa dakika tano sasa hutafuta kivuko. Amekubali kwa kuwa ameambiwa ni kwa manufaa ya taifa, naye ni mtu mwenye kupenda taifa lake. Basi mtu aliyefungiwa njia yake ya kale na treni hiyo astahili, zaidi ya wengine wote, aweze kuipanda.

Stesheni nayo haiishii penye ukuta wake. Mama anayeshuka saa mbili usiku anahitaji taa katika njia ya kwenda kwake, na kituo cha daladala na bodaboda kilichowekwa mahali panapojulikana, si vijana watano wanaomvuta mkono gizani. Hayo si kazi ya Shirika la Reli peke yake. Ni ya Halmashauri, na ya serikali ya mtaa. Mara nyingi kazi ya watatu huwa haina mwenyewe. Tunashauri wenye madaraka wa pande hizo wakutane, tena wakutane Pugu, si katika ofisi ya mjini. Na waende huko kwa usafiri wa kawaida, saa kumi na moja na nusu jioni, wakitokea Kariakoo. Wakifika wataanza mkutano wakiwa tayari wamekwisha kujadiliana habari nyingi.

Na kabla ya treni moja kuongezwa, kabla ya tikiti ya mwezi kuchapwa, kuna jambo ambalo laweza kufanywa wiki hii kwa gharama ya ubao na rangi. Uwekwe ubao mkubwa nje ya kila stesheni ya Pugu, ya kale na ya kisasa, mahali ambapo mpita njia aweza kuusoma bila kumwomba mlinzi ruhusa ya kuingia. Uandikwe kwa Kiswahili: treni ya kwenda mjini, saa fulani, treni ya kurudi, saa fulani, nauli, kiasi fulani, na siku treni isipokuja, sababu yake iandikwe hapo kwa chaki.